Kutoka Sidcup Hadi Uwanja wa Wilson: Jinsi Ufundi wa Kurudisha Uso Ulivyofundishwa

Neno "plastiki" limeuponza upasuaji huu. Nilipowaeleza wenzangu kwamba insha yangu ya historia itahusu upasuaji wa plastiki na urekebishaji wa viungo, mmoja aliuliza kama ni kweli madaktari humtia mtu plastiki mwilini, na mwingine akawataja waigizaji wa filamu wanaopunguza pua. Tumezoea beseni na jerikani, ndiyo maana. Neno lenyewe ni la zamani kuliko vyombo hivyo. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kufinyanga.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa sababu kinatenganisha kuchonga na kufinyanga. Mchongaji wa vinyago hupunguza, na akishakata, kilichokatwa hakirudi. Mfinyanzi husogeza udongo kutoka upande mmoja wa chungu hadi mwingine. Daktari anayetengeneza pua iliyokatwa ni mfinyanzi. Hana ghala la ngozi, na ngozi ya mtu mwingine mwili huikataa, kwa hiyo lazima achukue ya mgonjwa mwenyewe, pajani, kifuani au kwenye paji la uso, na kuhakikisha inaendelea kupata damu inapohamishwa. Damu ikikatika, ngozi hugeuka nyeusi na kufa ndani ya siku chache. Sehemu kubwa ya historia ya fani hii ni historia ya kuhamisha ngozi bila kuiua.

Katika insha hii ninafuata mnyororo mmoja wa walimu na wanafunzi, ulioanzia Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ukafika kwetu Afrika Mashariki mwaka 1957. Ninataka kueleza jambo ambalo mwanzoni lilinishangaza: ufundi huu ulifika hapa mapema, ukiletwa na watu waliofunzwa na mabingwa wakubwa kabisa wa zama zao, lakini shule yake ilichelewa kwa miaka mingi. Hoja yangu ni kwamba kilichofika kwa ndege kilikuwa mkono wa daktari, na mkono peke yake haufanyi shule. Shule huhitaji wagonjwa wengi mahali pamoja, kumbukumbu za kila jeraha, na mwalimu anayebaki kuona kovu likikomaa.

Wazungu hawakuwa wa kwanza, na ni vizuri kulisema hilo mapema. Maandishi ya Kisanskriti ya Sushruta wa India yanaeleza namna ya kutengeneza pua mpya, na katika nchi hiyo, ambako kukata pua ilikuwa adhabu, kazi ya kuirudisha haikukosa wateja. Mwaka 1794 jarida la London liitwalo Gentleman's Magazine lilichapisha barua kuhusu Cowasjee, mwendesha mafahali katika jeshi la Waingereza, aliyetekwa na askari wa Tipu Sultan akakatwa pua na mkono. Alikaa takribani mwaka mzima bila pua, kisha fundi mmoja karibu na Poona akamtengenezea nyingine kwa ngozi ya paji la uso, akiishusha huku kikonyo chake kikiwa bado kimeshikamana katikati ya nyusi ili damu ipite. Fundi huyo alikuwa wa tabaka la wafyatua matofali. Niliposoma hapo nilitabasamu, maana alikuwa mtu wa udongo kwelikweli.

Barua ile ilikuwa na picha na maelezo ya kila hatua. Hata hivyo ilipita miaka 20 kabla daktari wa Kiingereza, Joseph Carpue, hajathubutu kuifanya operesheni hiyo mwaka 1814, baada ya kujizoeza juu ya maiti. Mafundi wa India walirithishana kazi hii ndani ya familia, mtoto akiutazama mkono wa baba. Carpue alikuwa na karatasi tu. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo, kwa sababu itarudi.

Karne moja baadaye wagonjwa waliongezeka ghafla kupita kiasi. Katika mahandaki ya Ufaransa askari alificha mwili wote na kuchomoza kichwa, na vipande vya mizinga vilichukua taya, pua na macho. Kofia ya chuma iliokoa ubongo lakini haikufunika uso. Watu ambao katika vita vya zamani wangekufa palepale sasa walifika hospitalini wakiwa hai, bila kidevu, wasioweza kula wala kusema.

Harold Gillies, aliyezaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1882, alikuwa daktari wa masikio, pua na koo mjini London. Alipopelekwa Ufaransa mwaka 1915 alimkuta daktari wa meno, Charles Valadier, akijaribu kuunga taya zilizosagika. Huko Paris alimtazama Hippolyte Morestin akiondoa saratani usoni mwa mtu na kulifunika pengo kwa ngozi ya jirani. Alirudi Uingereza akaliomba jeshi limpe wodi ya majeruhi wa uso huko Aldershot, akaipata mwanzoni mwa 1916. Inasimuliwa kwamba alinunua vibandiko kwa fedha zake mwenyewe, akaandika anwani ya wodi yake na kuvipeleka Ufaransa ili vifungwe kwenye majeruhi wanaomfaa. Julai mwaka huo vita vya mto Somme vilipoanza, walijiandaa kupokea watu 200. Wakafika takribani 2,000.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba wodi haitoshi. Mwaka 1917 ilifunguliwa hospitali nzima kwa ajili ya nyuso, Queen's Hospital ya Sidcup, kusini-mashariki mwa London. Hadi kazi yake ilipokwisha, zaidi ya askari 5,000 walikuwa wametibiwa pale, na operesheni zilizofanywa zilizidi 11,000. Ukigawanya utaona kuwa mtu mmoja alipasuliwa zaidi ya mara mbili kwa wastani, lakini wastani huo unaficha waliolala mezani mara kumi na zaidi kwa miaka kadhaa.

Vitabu vingi humsifu Gillies kwa uvumbuzi wa bomba la ngozi, nami nitalieleza. Kwa maoni yangu, hata hivyo, uvumbuzi wake mkubwa ulikuwa Sidcup yenyewe. Hospitali iligawanywa katika sehemu nne, ya Waingereza, ya Wakanada, ya Waaustralia na ya watu wa New Zealand, kila moja ikiwa na madaktari wake, na madaktari hao wakawa wanachunguliana kazi kwa wivu wa kitaalamu. Kila mgonjwa alikuwa na jalada lenye picha za kabla, za kati na za baada. Henry Tonks, aliyekuwa daktari wa upasuaji kabla ya kuwa mwalimu wa sanaa, aliwachora majeruhi kwa chaki za rangi na kuonyesha kilichokosekana usoni kwa usahihi ambao kamera ya siku zile, isiyo na rangi, haikuuweza. Walitengeneza pia sanamu za uso kwa plasta ili daktari apange juu yake kabla ya kugusa nyama. Madaktari wa meno walikaa meza moja na wapasuaji, kwa sababu haifai kutandika ngozi juu ya taya isiyo na mfupa, kama vile haifai kutandaza hema lisilo na nguzo.

Hata usingizi wa wagonjwa ulibadilika pale. Dawa ya usingizi ilizoeleka kutolewa kwa kifuniko juu ya pua na mdomo, na mtu anayetengenezewa pua hawezi kufunikwa pua. Ivan Magill na Stanley Rowbotham, waliofanya kazi Sidcup baada ya vita kuisha, waliendeleza njia ya kupitisha mpira hadi ndani ya koo na kupeleka dawa moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Leo mgonjwa wa tumbo au wa moyo anayelazwa kwa mpira kooni hajui kwamba anadaiwa na askari wasio na nyuso.

Sasa nieleze bomba. Tarehe 3 Oktoba 1917 Gillies alikuwa akimpasua baharia William Vicarage, aliyeungua usoni katika vita vya majini vya Jutland mwaka uliotangulia. Alipoinua vipande virefu vya ngozi ya kifua ili avipandishe usoni, aliona kingo zake zikijikunja zenyewe kuelekea ndani, kama jani la mgomba likaukapo. Akazishona pamoja. Kipande kikawa bomba lililofungwa pande zote, lenye mishipa ya damu ndani, na vijidudu havikuwa na mahali pa kuingilia, jambo lenye uzito mkubwa miaka ile kabla ya penisilini. Bomba kama hilo lingeweza kuachwa majuma kadhaa upande wa pili ukijenga njia mpya za damu, kisha likakatwa upande wa kwanza na kusogezwa mbele. Katika Odessa, Vladimir Filatov alikuwa amefikia wazo hilohilo mwaka 1916, na hawa wawili hawakujuana. Sioni ajabu, maana tatizo lilikuwa moja kila mahali vita vilipofika.

Bomba halikumfundisha Gillies kila kitu. Mapema mwaka 1918 alimpasua Ralph Lumley, rubani kijana aliyeungua uso wote katika ajali ya ndege. Gillies alijaribu kumpa uso mzima kwa mara moja, kwa kipande kikubwa cha ngozi ya kifua. Kipande kilioza, na Lumley akafa mwezi Machi. Gillies hakulificha jambo hilo, alilichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1920 kuhusu upasuaji wa uso, na tangu hapo akawa akiwafundisha wanafunzi kwenda kwa hatua ndogondogo na kuahirisha kinachoweza kuahirishwa. Kanuni hiyo inafundishwa hadi leo. Ninaposoma vitabu vinavyoeleza kanuni za fani hii kana kwamba zilishuka zikiwa zimeandikwa, namkumbuka Lumley. Kanuni hii ina jina la mtu na tarehe ya kifo chake.

Nitoke kidogo nje ya Sidcup. Miaka hiyohiyo vita vilikuwa vikipiganwa pia Afrika Mashariki, na maelfu kwa maelfu ya watu wetu walibebeshwa mizigo ya majeshi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinachukua majina kutoka kikosi hicho cha wapagazi. Sehemu nne za Sidcup nimezitaja, na hakuna ya tano. Simlaumu Gillies, ambaye alipokea aliyeletewa. Nalisema kwa sababu mtu anayesoma historia ya utafiti lazima aulize ni miili ya nani iliyohesabiwa kuwa inastahili kurekebishwa, hivyo ikaingia katika majalada na kuwa elimu.

Baada ya vita jambo la ajabu lilitokea: shule ilivunjika. Wagonjwa walikwisha, madaktari wakarudi makwao, na Gillies akabaki London akitafuta riziki kwa kazi za watu binafsi. Mwaka 1939, Vita vya Pili vilipoanza, Uingereza nzima ilikuwa na mabingwa wenye uzoefu wanne tu: Gillies mwenyewe, binamu yake Archibald McIndoe, Thomas Kilner na Rainsford Mowlem. Nchi iliyokuwa imefanya operesheni 11,000 katika hospitali moja ilikuwa, miaka 20 baadaye, na watu wanaoenea katika gari moja dogo. Huu ndio ushahidi wangu mkubwa kwamba ujuzi wa mikono haukai wenyewe. Majalada yalikuwepo na kitabu kilikuwepo. Kilichokosekana ni nafasi za mafunzo. Oxford ilipata profesa wa kwanza wa fani hii, Kilner, mwaka 1944, wakati vita vya pili vilipokuwa vinakaribia kwisha.

McIndoe, naye mzaliwa wa New Zealand, alipewa hospitali ya mji mdogo wa East Grinstead. Wagonjwa wake walikuwa marubani walioungua kwa petroli ya ndege zao, mikono na uso, mahali ambapo glavu na miwani havikufunika. Tiba iliyokubalika wakati huo ilikuwa asidi ya taniki, inayokausha ngozi iliyoungua mpaka inakuwa gamba gumu. McIndoe aligundua kwamba gamba hilo huvuta vidole vikajikunja kama makucha. Jambo la pili lililoonekana ni kwamba marubani walioanguka baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu. Kutokana na hayo aliiacha asidi na kuanza kuwaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Napenda sehemu hii ya historia kwa sababu utafiti wake haukuhitaji mashine, ulihitaji mtu anayetazama na kulinganisha. Nadhani mkunga yeyote wa kijiji angemwelewa.

Mwaka 1941 wagonjwa wake waliunda chama na kujiita simbilisi, yaani yule mnyama mdogo wa maabara anayefanyiwa majaribio. Walikuwa wakijicheka wenyewe. Mweka hazina walimchagua mtu aliyeungua miguu ili asiweze kutoroka na fedha, na katibu wakamchagua aliyeungua vidole ili asiandike kumbukumbu ndefu za mikutano. Vita vilipokwisha wanachama walikuwa 649. McIndoe aliwaruhusu kuvaa sare zao badala ya nguo za wagonjwa, akawaomba wakazi wa mji wawakaribishe majumbani na wasiwakodolee macho. Kwake matibabu hayakuisha pale nyuzi zinapotolewa.

Ninafika sasa kwenye kiungo kinachotuhusu. Baada ya vita McIndoe alikuja Afrika Mashariki kupumzika, akaipenda, akanunua shamba upande wa Tanganyika kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Michael Wood, daktari wa upasuaji wa Kiingereza aliyehamia Kenya baada ya vita, alikwenda kujifunza kwake East Grinstead. Mwanafunzi mwingine wa McIndoe alikuwa Mmarekani, Thomas Rees. Mwaka 1957 watatu hawa walikutana chini ya mlima huo na kuanzisha shirika ambalo leo linaitwa Amref, likijulikana zaidi kwa jina la madaktari wanaoruka. Mpango ulikuwa rahisi. Wagonjwa wako mbali, barabara ni mbovu au hazipo, basi daktari apande ndege ndogo amfuate mgonjwa. Wood alikuwa rubani pia. Kutoka uwanja wa Wilson wa Nairobi ndege zilitua kwenye viwanja vya nyasi vya hospitali za misheni, ambako watu wenye mdomo wa sungura, wenye makovu ya moto na waliojeruhiwa na wanyama walikuwa wamekusanywa wakingoja.

Tuone vizuri kilichotokea hapo. Gillies aliwaleta wagonjwa wote mahali pamoja, na hilo likazaa shule. Wood alifanya kinyume: alimpeleka daktari mmoja mahali pengi. Kwa wakati ule sioni angefanya nini kingine. Mtu wa Turkana hangefika Nairobi, na mtoto asiyeweza kunyonya kwa sababu mdomo umepasuka hawezi kungoja chuo kijengwe. Lakini tokeo lake ni kwamba jeraha la Lodwar na jeraha la Ilembula halikulazwa wodi moja, hayakuchorwa na mtu mmoja, wala mwanafunzi hakuyalinganisha.

Ugumu wa jambo hili niliuona kabla sijausoma. Katika kata yetu kulikuwa na mtoto wa kike aliyeungua kwa uji wa moto, kiwiko kikaganda kwa kovu kikiwa kimekunjwa. Kambi ya matibabu ilikuja wilayani, wakamkata kovu, wakampandikiza ngozi ya paja, mkono ukanyooka, watu wakashangilia. Siku ya nne wageni wakaondoka. Ngozi iliyopandikizwa hujikunja inapopona, kwa hiyo mkono hufungwa kibao miezi mingi, nao hunyooshwa kila siku kwa mazoezi. Kibao alikuwa nacho, ila kilipovunjika hakuna aliyejua kutengeneza kingine, na mama yake hakuambiwa mazoezi ni ya muda gani. Ndani ya mwaka mkono ulirudi ulipokuwa. Upasuaji wenyewe ulifanywa vizuri, hilo nimeelezwa baadaye na mtu anayejua. Alichokosa mtoto yule ni mtu wa pale aliyefunzwa.

Wood mwenyewe, naamini, aliliona hili. Kadiri miaka ilivyopita shirika lake liligeukia zaidi kuwafunza wahudumu wa afya wa vijijini na kuandika vitabu vyao. Mwaka 1985 alishiriki kuanzisha shirika jingine, FARM-Africa, la kusaidia wakulima na wafugaji. Mtu aliyefundishwa kutengeneza nyuso na McIndoe akamalizia kazi yake kwenye mbuzi na mashamba. Wengine huona ni kuhama njia. Mimi naona alikuwa akikifuata chanzo cha ugonjwa kwa kurudi nyuma hatua moja baada ya nyingine. Alifariki mwaka 1987.

Msomaji wa hapa Uganda atauliza: je, hatukuwa na Mulago? Tulikuwa nayo, na inastahili kutajwa. Makerere ilifunza madaktari wa eneo zima kabla Dar es Salaam haijapata shule yake ya udaktari mwaka 1963 na Nairobi mwaka 1967. Utafiti pia ulikuwepo. Vidonda vipana vinavyokula ngozi, ambavyo Albert Cook wa Mengo aliviona tangu 1897, vilichunguzwa sana katika miaka ya 1960 kwa sababu wagonjwa wengi walitoka kaunti moja, Buruli, karibu na Nile. Ndiyo maana ugonjwa huo duniani kote unaitwa kidonda cha Buruli. Tiba ya wakati ule ilikuwa kukata sehemu yote iliyooza na kupandikiza ngozi. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilianza kupendekeza dawa za viuavijasumu, na haja ya kisu ikapungua sana. Huu ni mfano mzuri wa utafiti: wagonjwa wa mahali pamoja, wakifuatiliwa, walitoa elimu ambayo hatimaye ilipunguza upasuaji.

Kisha ikaja miaka ya Amin. Kuanzia 1972 walimu wengi waliondoka, na mnyororo uliokuwa ukishikana Mulago ukalegea. Miaka hiyohiyo fani yenyewe ilikuwa inaruka mbele. Mwaka 1973 huko Melbourne, Ian Taylor na Rollin Daniel walihamisha kipande cha ngozi kutoka kinenani hadi mguuni kwa kukikata kabisa na kuunga mishipa yake ya damu chini ya hadubini, kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Bomba la Gillies, lililohitaji miezi, likaanza kuwa kitu cha makumbusho. Wakati wenzetu wanajifunza hadubini, kwetu swali lilikuwa kama kuna pamba na maji hospitalini. Kwa muda mrefu daktari wa Afrika Mashariki aliyetaka ubingwa huu alilazimika kwenda ng'ambo, na aliyekwenda ng'ambo hakurudi kila mara.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ambayo haina ndege wala mlima wa kupendeza, labda ndiyo sababu haisimuliwi sana. Mwaka 1999 kilianzishwa Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi COSECSA, chenye makao Arusha. Ni chuo kisicho na kuta. Mwanafunzi habebi begi kwenda chuoni. Anabaki katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa, anafanya kazi chini ya bingwa, kisha anafanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi nyingine wanachama. Upasuaji wa plastiki ni mojawapo ya fani zake za ubingwa. Hapa kwetu, kando ya barabara ya kwenda Entebbe, hospitali ya CoRSU ya Kisubi iliyofunguliwa mwaka 2009 huwapokea watoto na watu wazima wenye ulemavu unaorekebishika, na wapasuaji hujifunza humo. Humo kibao kikivunjika kuna anayetengeneza kingine, kwa sababu wanaofunza mazoezi ya viungo wako jengo hilohilo na wapasuaji.

Kuna wanaosema kambi za wageni sasa zipigwe marufuku. Siko pamoja nao. Wagonjwa wa moto wa sigiri, wa tindikali na wa ajali za boda boda ni wengi kuliko mikono tuliyo nayo, na mgeni anayejua kuunga mshipa chini ya hadubini ana la kufundisha. Ningependa tu tumpime kwa kipimo cha Sidcup: alipoondoka aliacha jalada gani, na nani alisimama kando yake meza ile akishika kisu siku ya pili. Kambi inayojibu maswali hayo ni sehemu ya shule. Isiyoyajibu ni barua ya Gentleman's Magazine, na tuliona Carpue alihitaji miaka mingapi.

Majalada ya Sidcup yenye picha na michoro ya Tonks yamehifadhiwa, na mtu anaweza kuuona uso wa askari ukirudi hatua kwa hatua kwa miaka mitatu au minne. Mwanafunzi wa COSECSA naye ana jalada lake, ingawa halina chaki za rangi. Kila operesheni anaiandika katika daftari la kielektroniki: tarehe, alichokifanya, kama alisaidia au aliongoza, na jina la bingwa aliyesimama upande wa pili wa meza.